Mwachieni Usukani Mvua Ikianza

Jimbo la New South Wales, Australia, humruhusu kijana kujifunza kuendesha gari akitimiza miaka 16, mapema kuliko Kenya na Tanzania ambako husubiri 18. Ila ruhusa hiyo ina masharti mazito. Mwanafunzi ambaye hajafika miaka 25 anatakiwa kukusanya saa 120 za barabarani, 20 kati yake za usiku, dereva mwenye leseni kamili akiwa ameketi kando yake. Saa moja ya mwalimu aliyesajiliwa huhesabiwa tatu, lakini nafuu hiyo hukoma baada ya masomo ya saa 10. Zinazobaki zinamwangukia mzazi. Ndiyo maana familia nyingi huko, zikiwamo za wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, hutegemea safari za likizo kuzijazia.

Saa zaweza kujaa na kijana asiive. Barabara kuu ya Hume, inayotoka Sydney kuelekea Melbourne, ina njia mbilimbili kila upande, na magari hayakutani uso kwa uso. Mwanafunzi haruhusiwi kuzidi kilomita 90 kwa saa, basi anatulia njia ya kushoto, anashika usukani, na saa mbili zinaandikwa. Mvua ikianza, au jua likizama, au mji ukikaribia, baba anasema, “Weka pembeni, nipe mimi.” Somo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Woga wa baba huyo naujua na sina nia ya kuubeza. Lakini nchi nyingi zilizofuatilia suala hili zimekuta hali ileile: mwanafunzi anayesimamiwa hupata ajali kwa nadra sana, kisha hatari hupanda ghafla katika miezi ya kwanza anapoendesha peke yake. Ujuzi wa gia na breki haukupotea usiku mmoja. Kilichoshuka garini ni macho ya mzazi. Muda wote yeye ndiye aliyekuwa akiona mbali, akisema “punguza” kabla kijana hajajua kuna nini.

Kwa hiyo safari itumike kumhamishia kijana macho hayo. Mtakeni aseme kwa sauti anachokiona na anachokitarajia. Mama aliyeketi kando aulize badala ya kuamuru:

“Lile lori mbele unalionaje?”

“Linakwenda taratibu, mama. Kuna kilima.”

“Na gari lililo nyuma yako?”

Hapo kijana hutupa jicho kwenye kioo, mara nyingi kwa mara ya kwanza baada ya kilomita kadhaa, na kugundua kwamba kuna mtu amemganda nyuma. Sasa ana jambo la kuamua: asikimbizwe na yule wa nyuma, wala asimsogelee wa mbele. Achague nguzo, lori likiipita aanze kuhesabu. Akiifikia kabla ya sekunde tatu kwisha, yuko karibu mno. Kwa kilomita 90 kwa saa, sekunde tatu ni mita 75, umbali ambao wanafunzi wengi huudhania mkubwa kupita kiasi hadi siku wanapofunga breki kwenye lami iliyolowa.

Tokeni Hume kidogo. Ingieni Goulburn, kijana apite kwenye vipilefti, atafute maegesho, apishe waenda kwa miguu. Dakika ishirini za hapo nazithamini kuliko saa nzima ya barabara iliyonyooka. Mvua nyepesi aendeshe, kwa mwendo wa chini; dhoruba ikija, msimamizi achukue. Kangaroo akiruka barabarani, breki zikanyagwe na usukani ubaki umenyooka, kwa kuwa kumkwepa ndiko kunakopeleka magari kwenye miti. Jambo hili lisemwe mapema, kabla hajatokea.

Msimamizi naye yuko kazini: asisinzie, asichezee simu, na pombe haimfai kabisa. Kijana apumzike mapema kuliko mtu mzima, kwani kila kitu bado anakifanya kwa kufikiri, na hilo linachosha.

Kuhusu zile saa 20 za usiku, watu hupenda kuziachia mwisho wa safari, wote wakiwa hoi. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri wakati wa majira ya baridi. Kijana amelala vya kutosha, mitaa ya mji ina taa na magari machache, na dakika zote za kabla ya jua kuchomoza zinahesabiwa kuwa za usiku.