Gemu ya Bunduki kwa Mfuko Mwembamba: Ipi Inalipa Lodwar na Kakuma?

Kijana wa Lodwar au Kakuma anayetaka gemu ya kupigana kwa mbinu ana chaguo chungu nzima zisizouzwa hata shilingi moja. Lakini huku Turkana, gharama ya gemu haiko kwenye bei ya dukani. Iko kwenye bando, kwenye umeme, kwenye joto la mchana linalofika nyuzi 35 na kuzidi, na kwenye umbali kati yako na seva inayoamua nani kafa. Tuzilinganishe kwa hesabu hiyo, uzuri wa picha tuuweke kando.

Aina tunayoizungumzia inajulikana kwa sheria zake: kwa kawaida watano dhidi ya watano, upande mmoja ukitega bomu na mwingine ukizuia. Ukiuawa, unakaa kando hadi raundi iishe. Vidole vyepesi pekee havitoshi. Timu isiyosemezana hufungwa.

Kwenye simu

Free Fire ya Garena, iliyotoka mwaka 2017, imependwa kwa sababu ilitengenezwa kwa kuzingatia simu za bei ya chini. Mechi yake kuu ni ya watu 50 kisiwani na huisha kwa dakika kumi hivi, kwa hiyo hata chaji ikiwa imebaki kidogo utaimaliza. Anayetaka mbinu zaidi aingie Clash Squad, wanne kwa wanne, ambapo silaha hununuliwa kila raundi. Udhaifu wake ni almasi, yaani sarafu ya ndani ya gemu inayonunuliwa kwa pesa halisi. Baadhi ya mapambo ya bunduki huongeza makali ya silaha yenyewe, na wahusika wana uwezo tofauti, hivyo aliyetoa pesa huingia uwanjani na nafuu ambayo mwenzake hana.

Critical Ops, iliyotengenezwa na kampuni ya Critical Force ya Finland, iko karibu zaidi na aina tunayoitafuta. Ina bomu, ina raundi, na pesa hununua mapambo tu. Kasoro yake ni kwamba wachezaji wake ni wachache kuliko wa Free Fire, kwa hiyo kupata mechi ya kiwango chako huweza kuchukua muda.

Call of Duty: Mobile, iliyotoka Oktoba 2019, ndiyo yenye picha za kuvutia kuliko hizo mbili, na mtindo wake wa Search and Destroy ni wa mbinu kamili. Ila inakula gigabaiti kadhaa kabla hujafyatua risasi ya kwanza, na kila msimu huja na masasisho yake. Simu yenye RAM ya 2GB au 3GB itapata moto, na simu ikishapata moto hupunguza kasi yake yenyewe. Kwa jua la Lodwar hali hiyo huja mapema.

Kuhusu bando, wengi hukosea mahali pa kuogopa. Mchezo wenyewe hutumia megabaiti chache tu, makumi kwa saa. Kinachomaliza data ni kupakua na kusasisha. Kwa vifurushi vya Safaricom vinavyojulikana zaidi, 1GB ya saa 24 ni shilingi 99, na 1GB ya saa moja ni takribani shilingi 20. Gemu ya 4GB itakugharimu karibu shilingi 400 kwa njia ya kwanza na 80 kwa ya pili. Tahadhari ni kwamba kumaliza 1GB ndani ya saa moja kunahitaji kasi ya zaidi ya megabiti 2 kwa sekunde muda wote. Mtandao ukisongamana jioni, dakika zitaisha na data itabaki hewani. Pakua alfajiri, na uzime masasisho ya kujiendesha yenyewe.

Kompyuta na gemu mpya

Counter-Strike 2 ya Valve, iliyotoka Septemba 2023, haina kiingilio, ingawa mashindano ya viwango yanadai hadhi ya Prime kwa dola 14.99. Inataka RAM ya 8GB na nafasi ya 85GB kwenye diski. Valorant ya Riot, ya mwaka 2020, inaridhika na kompyuta dhaifu zaidi, lakini mlinzi wake dhidi ya udanganyifu, Vanguard, hukubali Windows tu. Kompyuta ya msaada yenye Linux haitaifungua.

Zote mbili hupakuliwa kwa makumi ya gigabaiti, na kila 10GB kwa kifurushi cha siku nzima ni shilingi 990. Kisha kuna umbali: Valve ina seva Johannesburg, kwa hiyo risasi ya Kakuma hufunga safari hadi Afrika Kusini na kurudi ndipo ihesabiwe. Mwenye Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, anaweza kumudu upakuaji. Asiye nayo aziache.

Kompyuta na gemu kuukuu

Counter-Strike ya kwanza ilianza mwaka 1999 ikiwa nyongeza ambayo Minh Le na Jess Cliffe waliitengenezea gemu ya Half-Life, kisha Valve ikaiuza rasmi mwaka 2000. Toleo la 1.6 bado linauzwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la Valve, kwa dola 9.99, na nyakati za punguzo hushuka sana. Mahitaji yake yanachekesha leo: prosesa ya 500 MHz na RAM ya 96MB. Kompyuta nyingi zilizotolewa ofisini zinaiweza.

Nguvu yake kubwa ni kwamba haihitaji intaneti wakati wa kucheza. Unganisha mashine kumi kwa nyaya na swichi, moja iwe seva, na ucheleweshaji huwa chini ya milisekunde 5. Wachezaji wote wako chumba kimoja na wanaelekezana kwa sauti. Kakuma, ambako kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 imewakutanisha Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo na Warundi, Kiswahili kinatosha kuamrisha timu bila kulipia data ya sauti.

Kasoro zake? Picha ni za kizamani. Haina roboti za kujazia nafasi, kwa hiyo mkiwa wawili raha haipo. Nakala za bure zinazopitishwa kwa flashi ni za wizi na mara nyingi huja na virusi. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipia nakala halali kwa M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika iliyoanza mwaka 2022.

Umeme wa saa moja

Kompyuta kumi za mezani na vioo vyake hula takribani kilowati moja, yaani uniti moja kwa saa. Umeme wa Lodwar kwa miaka mingi umetoka kwenye jenereta za dizeli, lakini mteja wa Kenya Power hutozwa bei ya taifa. Kwa shilingi 30 kwa uniti, kila mchezaji anabeba shilingi 3 kwa saa. Kambini Kakuma ni tofauti: wengi hutegemea jenereta za wafanyabiashara au gridi ndogo za sola, na aghalabu uniti huko ni ghali zaidi. Mapatano ya bei na mwenye umeme yatangulie ununuzi wa mashine.

Mwenye klabu akumbuke pia kwamba Counter-Strike imepewa daraja la miaka 17 na kuendelea nchini Marekani. Mahali ambapo wizi wa mifugo na vita vimewafanya watoto kuijua bunduki halisi, daraja hilo lisipuuzwe.

Uamuzi

Mwenye simu ya RAM ndogo anayecheza peke yake achukue Critical Ops. Kama marafiki zake wote wako Free Fire, awafuate huko na asinunue almasi. Mwenye simu nzuri na bando la uhakika anaweza kujaribu Call of Duty. Counter-Strike 2 na Valorant ziachiwe wenye intaneti isiyopimwa kwa gigabaiti.

Anayefungua chumba cha michezo Lodwar, au kituo cha vijana Kakuma chenye umeme wa kuaminika, anunue Counter-Strike 1.6. Ndiyo pekee hapa inayodai kiingilio, na ndiyo itakayomgharimu kidogo kuliko zote kwa kila mchezaji mwaka ukiisha.