Maji yaliyobanwa mchangani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi ukuta wa bwawa la mchanga unavyojengwa katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni. Leo tuulize kwa nini maji yaliyomo mchangani hudumu miezi mingi baada ya mvua kukatika, ilhali kidimbwi cha wazi hukauka upesi. Hoja yangu ni kwamba ukubwa wa vitundu vinavyoyabana maji ndio unaoamua kama yatageuka mvuke, yatachoteka, au yatang'ang'ania yalipo. Mwaka 1871 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha kuwa uso wa maji ukipinda ndani ya kitundu chembamba, maji huwa mazito kugeuka mvuke. Kitundu chenye nusu kipenyo cha nanomita 10 huanza kuyazuia hewa ikiwa na unyevu wa 90% hivi. Lakini nafasi kati ya punje za mchanga ni pana mara maelfu, na humo kanuni hiyo haina uzito. Kinga ya mchanga ni nyingine: tabaka la juu likikauka, maji yanayopanda hukatikiwa na njia, na mvuke hubaki kujipenyeza polepole katika hewa tuli. Maji yakishuka chini ya sentimita 60 hivi, jua huyapunguza kidogo mno.

Wako wanaopinga wakisema mchanga hubeba maji machache, kama theluthi tu ya ujazo wake. Ni kweli, ila bwawa la wazi katika maeneo haya makavu hupoteza kina cha karibu mita 2 kwa mwaka. Wengine husema udongo wa mfinyanzi una nafasi nyingi kuliko mchanga, basi uhifadhi maji zaidi. Huyahifadhi, lakini hauyatoi. Katika vitundu vya chini ya sehemu 2 za elfu kumi za milimita, hata mizizi ya mahindi hushindwa kuyavuta, na kisima kilichochimbwa humo hujaa kwa shida. Kwa hiyo adui wa bwawa ni tope laini. Ukuta upandishwe kwa awamu ili mafuriko yapite na tope, mchanga mzito utue, na matuta yazuie udongo usitoke mashambani. Kwa sababu hiyo pia sheria ya Makueni ya 2015 ya kuhifadhi mchanga yastahili kutekelezwa bila huruma, kwani anayezoa mchanga mtoni huondoa chombo chenyewe cha kuwekea maji.

Juma lijalo: chumvi katika visima vya mchangani.