Mchoro Usiosomeka kwa Macho

Ukifika Makongeni, mtaa wa mashariki ya Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, usistaajabu ukikuta dukani karatasi iliyochorwa miraba myeusi na myeupe. Aliyesoma chuoni atadhani ni miraba ya hirizi. Kumbe huo ni msimbo wa QR: mteja huumulika kwa kamera ya simu, akalipa.

Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kazi iliyoongozwa na mhandisi Masahiro Hara, ili kufuatilia vipuri vya magari. Jina lake maana yake ni jibu la haraka. Na haraka, wahenga walikwisha tuonya, haina baraka.

Ile mistari ya kwenye pakiti ya sabuni hubeba nambari ya bidhaa tu. Miraba hii hubeba mengi zaidi: nambari ya tili, au anwani ya ukurasa wa intaneti. Barua utaijua kwa hati yake, na hundi kwa sahihi. Lakini mchoro huu, wa mwenye duka na wa mwizi, kwa macho yetu ni mamoja.

Hapo ndipo penye hatari. Tuseme mwizi amechapisha mchoro wake na kuubandika juu ya ule wa mwenye duka. Fedha zitakwenda kwa mwizi. Muuzaji atasema hakulipwa, mnunuzi ataapa kuwa amelipa, na wote wawili ni wakweli. Mwizi haibi fedha tu. Huiba na imani baina ya majirani.

Hila hiyo imekwisha tokea. Mwanzoni mwa Januari 2022, polisi wa Austin, Texas, nchini Marekani, walitangaza kuwa wamekuta vibandiko vya uongo kwenye mashine za kulipia maegesho ya magari. Mwezi huo huo FBI ilitoa onyo kwa umma.

Kadhalika WhatsApp hutumia mchoro kama huu kuunganisha simu na kompyuta. Akuambiaye uifungue WhatsApp umulike mchoro wake upate zawadi, huenda ataka kusoma mazungumzo yako.

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na mwaka 2023 Benki Kuu ilitoa kanuni za pamoja za misimbo ya QR ya malipo. Naam, ni jambo jema. Lakini mara nyingi sheria hufika mwizi akiwa amekwisha pita.

Basi kinga ianze kwetu. Papasa kwa kidole: kibandiko juu ya kibandiko ni dalili mbaya. Ulipapo kwa programu ya M-PESA, soma jina la mpokeaji kabla ya kutia nambari ya siri, umuulize muuzaji kama ndilo lake. Ukurasa wa intaneti ukikuomba nambari hiyo, ufunge. Na mwenye duka aukague mchoro wake kila asubuhi, kama akaguavyo mizani.

Kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Tangu zamani mfanyabiashara wa pwani huhesabu fedha mbele ya mwenziwe, na hakuna anayenuna. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na simu nayo ni daftari. Tulisome kwanza, kisha tulipe.