Foklifti za Ujia Mwembamba

Foklifti ya kawaida, ile inayozoeleka bandarini na kwenye viwanda, hubeba mzigo mbele na kuusawazisha kwa chuma kizito kilichofungwa nyuma. Chuma hicho huizuia isipinduke kifudifudi, lakini pia huirefusha. Ili igeuke na kuingiza rafuni paleti ya mita 1 kwa mita 1.2, huhitaji ujia wa karibu mita 3.5 hadi 4. Nafasi yote hiyo hulipiwa kodi ingawa haihifadhi hata boksi moja.

Dawa ya kwanza ni richi traki. Mbele ina miguu miwili yenye magurudumu madogo, na mlingoti wake husogea juu ya miguu hiyo: huenda mbele kuchukua paleti, kisha hurudi nyuma nayo. Mzigo ukisharudishwa hukaa katikati ya magurudumu badala ya kuning'inia mbele yake, kwa hiyo mashine haihitaji chuma kingi nyuma, na betri yenyewe husaidia kushikilia uzito. Ujia wa mita 2.7 hadi 3 huitosha. Kampuni ya Raymond ya jimbo la New York ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuziuza, katika miaka ya 1950. Dereva huketi ubavu, ili aone aendako na atokako bila kujipinda shingo. Mashine nyingi za aina hii hufikisha paleti zaidi ya mita 10, ila kadiri uma unavyopanda ndivyo uzito unaoruhusiwa unavyopungua. Viwango hivyo huandikwa kwenye kibao mbele ya dereva, na ni kosa kubwa kutokisoma.

Nyingine ni foklifti ya kupinda kiuno. Sehemu yake ya mbele, pamoja na mlingoti, hugeuka kushoto au kulia huku mwili ukibaki umenyooka, hivyo hufanya kazi kwenye ujia wa mita 2 au hata pungufu. Bendi na Flexi za Uingereza na Aisle-Master ya Ireland ndizo zinazojulikana zaidi. Uzuri wake ni kwamba hushusha mzigo kwenye lori uani, ikaingia nao ndani na kuupandisha rafuni yenyewe, kazi ambayo kwingine huhitaji mashine mbili.

Ya kubana kuliko zote ni ile ya kichwa kinachozunguka. Ikishaingia kwenye ujia haigeuki tena: kichwa cha uma ndicho kinachogeuka kushoto na kulia. Ujia wa mita 1.5 hadi 1.8 huitosha, huku ikiongozwa na reli za pembeni au waya uliofukiwa sakafuni. Baadhi hupanda na dereva wake hadi juu, naye hulazimika kuvaa mkanda wa usalama. Kati ya mashine na rafu hubaki sentimita chache tu, kwa hiyo ikiwa kazini mtembea kwa miguu hana ruhusa kuingia humo.

Adui yake ni sakafu. Magurudumu yakiwa mita 1.5 kutoka moja hadi jingine, na moja likawa chini kwa milimita 3 tu, kichwa kilichoinuliwa mita 12 huwa kimeinama milimita 24, kabla hata mlingoti haujaanza kuyumba. Ndiyo maana Ujerumani ina kiwango maalumu cha sakafu hizi, DIN 15185. Isitoshe, mashine hii haifai kazi za uani, kwa hiyo lazima iwepo nyingine ya kuiletea mizigo mlangoni mwa ujia.

Kwa duka au godauni dogo ipo staka, ambayo mwendeshaji huisukuma au huiongoza akitembea. Ni ya polepole, lakini ni nafuu.

Mwenye ghala la zamani, lenye sakafu ya mabonde na paa la mita 6, hana sababu ya kununua mashine ya kichwa kinachozunguka. Foklifti ya kupinda kiuno itamtosha.