Kielezi kabla ya Kitenzi: Kaida ya Kiingereza na Mtego kwa Mfasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Vitabu vingi vya sarufi hufafanua kielezi kuwa neno linalotoa habari zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Fafanuzi hiyo ni sahihi, ila haisemi lolote kuhusu mahali kielezi kinapokaa katika sentensi. Pengo hilo hudhihirika mwanafunzi anapoanza kutafsiri kutoka Kiingereza. Hapo ndipo huzuka sentensi kama "Mwalimu polepole alifunga mlango", ambayo maneno yake ni ya Kiswahili lakini mpangilio wake ni wa Kiingereza. Makala haya yanaeleza kaida inayotawala nafasi hiyo katika Kiingereza cha kila siku, na kuonyesha kwamba kinachopaswa kutafsiriwa ni kazi ya kielezi wala si mahali pake.

Kaida yenyewe

Kielezi cha Kiingereza kinaweza kukaa mwanzoni mwa sentensi, mwishoni au katikati. Nafasi ya katikati ndiyo makao ya kawaida ya vielezi vya marudio, mathalani "always", "often" na "never". Kitenzi kikiwa kimoja, kielezi hukitangulia: "She often comes." Kukiwa na kitenzi kisaidizi, kielezi huingia baina ya kisaidizi hicho na kitenzi kikuu: "She has often come." Visaidizi vikiwa zaidi ya kimoja, kielezi hufuata cha kwanza: "She would never have come." Kitenzi "be" nacho hutangulia kielezi hata kikiwa peke yake: "She is often late."

Kuna pahali ambapo kielezi hakikubaliki, nako ni baina ya kitenzi na shamirisho fupi. Mzungumzaji hasemi "He closed quietly the door." Atasema "He quietly closed the door" au "He closed the door quietly." Kifaransa hakina katazo hilo, kwani "Il ferme souvent la porte", yaani "Huufunga mlango mara nyingi", ni sentensi sanifu ambamo kielezi "souvent" kimekaa baada ya kitenzi na kabla ya shamirisho. Kwa hivyo kaida ya Kiingereza si sheria ya lugha zote. Ni tabia ya lugha moja.

Mazungumzo na maonyo ya wanasarufi

Mazoea ya wazungumzaji hayakuwaridhisha wanasarufi wote. Mnamo 1864, Henry Alford alipinga katika kitabu chake desturi ya kutia kielezi baina ya "to" na kitenzi. Onyo hilo lilienea, na baadhi ya watu wakalipanua hadi wakaona ni vibaya hata kukitenga kisaidizi na kitenzi kikuu, ilhali hapo ndipo pahali pa kawaida pa kielezi. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya 1926, hakuunga mkono katazo la jumla.

Suala hili lilijitokeza hadharani tarehe 20 Januari 2009, Barack Obama alipokuwa akiapishwa. Katika Katiba ya Marekani, kielezi "faithfully" kimewekwa baina ya "will" na "execute". Jaji Mkuu John Roberts alikihamishia mwishoni mwa kauli. Obama akasita, na kesho yake kiapo kikarudiwa katika Ikulu kwa ajili ya tahadhari. Mwanaisimu Steven Pinker aliandika katika gazeti la The New York Times kwamba yamkini Jaji huyo alivutwa na mazoea ya kutotenga kisaidizi na kitenzi.

Mahali na maana

Si kila mara mabadiliko ya mahali huiacha maana ilivyo. Zilinganishwe sentensi hizi mbili: "The witness foolishly answered" na "The witness answered foolishly." Ya kwanza aghalabu hueleweka kuwa kitendo chenyewe cha kujibu kilikuwa upumbavu, hata kama jibu lilikuwa la busara. Ya pili yahusu namna ya kujibu. Kwa Kiswahili, ya kwanza ni "Shahidi alifanya upumbavu kujibu", na ya pili ni "Shahidi alijibu kipumbavu." Mkalimani wa mahakamani akizichanganya, humtwika shahidi kosa ambalo hakushutumiwa nalo.

Kielezi "only" nacho hupenda kutangulia kitenzi hata kinapohusu neno lililo mbali nacho. "I only saw Amina" huweza kumaanisha kwamba msemaji hakumwona mwingine, au kwamba alimwona Amina bila kuzungumza naye. Katika mazungumzo, mkazo wa sauti hutatua utata huo. Katika maandishi, mfasiri hana budi kuuchunguza muktadha kabla ya kuamua kati ya "Nilimwona Amina tu" na "Nilimwona tu Amina, sikuzungumza naye."

Hali ilivyo katika Kiswahili

Sababu kuu ya tofauti baina ya lugha hizi imo katika umbo la kitenzi. "Will" ni neno linalojitegemea, na kielezi chaweza kuingia kati yake na kitenzi. Katika "nitatekeleza", kiambishi -ta- kimeshikamana na mzizi, hivyo hapana ufa wa kupitisha kielezi. Penye vitenzi viwili, ufa huo hupatikana, na Kiswahili hakisiti kuutumia: "Alikuwa tayari ameondoka", "Walikuwa bado wanasoma."

Isitoshe, kazi nyingi za vielezi vya katikati hufanywa na kitenzi cha Kiswahili chenyewe. Mazoea hubebwa na kiambishi hu-, kama katika "Huja hapa." "She has already arrived" ni "Amekwisha kufika." "She still lives in Kisumu" ni "Angali anaishi Kisumu." "She has never seen him" ni "Hajapata kumwona." "He is always complaining" ni "Haishi kulalamika", wala hamna kielezi hata kimoja humo. Naye atafsiriye "He nearly fell" atasema "Nusura aanguke", ambapo neno latangulia kitenzi, lakini kitenzi nacho hubadilika na kuishia kwa -e.

Hitimisho

Haifai kudhani kwamba Kiswahili hakiruhusu kielezi kutangulia kitenzi. "Aghalabu wanafunzi huchelewa" na "Kesho tutaondoka" ni sentensi fasaha. Tatizo huanza pale mpangilio wa Kiingereza unapokuwa ndio kipimo. Kabla ya kutafuta pahali pa kielezi, mfasiri ajiulize kielezi hicho kinafanya nini: chataja namna, marudio, hukumu ya msemaji, au mpaka wa kauli? Akishajua, Kiswahili kitampa kiambishi, kitenzi kisaidizi, kielezi au kishazi kizima. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.