Yen 3,278 au 8,448: Kuchagua Laini Japani

Mtu wa Dar es Salaam anayefanya kazi ya kutuma magari yaliyotumika kutoka Yokohama ana matumizi makubwa ya bando. Kila gari hupigwa picha pande zote na injini hurekodiwa ikiunguruma. Kisha mteja aliyeko Kariakoo hupiga simu ya video, anataka kuonyeshwa tena mpaka kutu ya uvunguni. Gigabaiti 20 huisha mwezi haujafika katikati. Kwa mtu kama huyu, kukosea laini ni kupoteza pesa za maana.

Tuanze na hesabu. Kifurushi cha NTT Docomo kiitwacho Docomo MAX, kilichoanza Juni 2025, ni yen 8,448 kwa mwezi pamoja na kodi ukishavuka gigabaiti 3, na hakina kikomo. Rakuten Mobile hutoza yen 1,078 mpaka gigabaiti 3, yen 2,178 mpaka 20, na ukivuka hapo ni yen 3,278, tumia utakavyo. Tofauti ni yen 5,170 kwa mwezi, yaani 62,040 kwa mwaka. Docomo wana punguzo kwa anayeunganisha laini za familia, intaneti ya nyumbani na kadi yao ya mkopo, lakini mgeni anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga hapati hata nusu ya punguzo hilo.

Rakuten wanawezaje? Kampuni hii ilianza kama duka la mtandaoni, ikafungua mtandao wake kamili wa simu Aprili 2020. Mnara wa kawaida una kabati chini yake, limejaa mitambo maalumu ya kampuni moja, na mara nyingi lina kiyoyozi chake. Mnara wa Rakuten una antena na redio juu, waya wa faiba unashuka, na chini hakuna cha kujaza kabati. Kazi ya ile mitambo inafanywa na programu zinazoendeshwa kwenye seva za kawaida, katika vituo vya data vilivyotawanywa nchini. Maboresho mengi hupakiwa kutoka ofisini, bila fundi kuzunguka na gari kila mnara. Kampuni yenyewe ilisema mtandao wa namna hii unapunguza gharama za ujenzi kwa asilimia 40 na za uendeshaji kwa asilimia 30.

Wanaouza teknolojia hii ya wingu (cloud) hupenda kuishia hapo, kana kwamba programu imeingia basi bili imeshuka. Mimi siafiki. Mwaka 2022 kundi zima la Rakuten lilipata hasara inayozidi yen bilioni 370, na sehemu kubwa ilitokana na ujenzi wa mtandao huu. Bei ile ililipwa pia na mfuko wa kampuni iliyokuwa ikitafuta wateja kwa nguvu.

Tena tazama upande wa pili. Tangu 2018 Suga Yoshihide, ambaye baadaye akawa waziri mkuu, alisema wazi kwamba bei za simu zingeweza kushuka kwa asilimia 40. Machi 2021 Docomo wakaleta ahamo, gigabaiti 20 kwa yen 2,970. Wapinzani wao KDDI wakaja na povo, SoftBank na LINEMO. Minara ilikuwa ile ile na makabati yale yale. Kilichobadilika ni kwamba kampuni kubwa zilibanwa na serikali upande mmoja na mshindani mpya upande mwingine.

Ahamo ndiyo ya kupambanisha na Rakuten kwa haki. Tangu Oktoba 2024 inatoa gigabaiti 30 kwa yen zile zile 2,970, na simu zisizozidi dakika 5 ni bure. Anayetumia gigabaiti 25 anaokoa yen 308 kila mwezi na kupata mtandao wa Docomo. Anayetumia 15 aende Rakuten, yen 2,178. Anayetumia 80, kama mtu wetu wa magari, hana haja ya kuuliza: Rakuten. Ila akumbuke kwamba simu za bure za Rakuten ni zile zinazopigwa kwa programu yao ya Link. Akipiga kwa njia ya kawaida ya simu yake, ni yen 22 kila sekunde 30, na mazungumzo na wakala wa mnada hayaishi kwa sekunde 30.

Kuna jambo ambalo programu haiwezi kulitatua, nalo ni ukuta. Kwa miaka minne ya mwanzo Rakuten walitegemea masafa ya gigahezi 1.7, ambayo hupenya zege kwa shida. Unashuka ngazi kwenda mgahawa wa chini ya ardhi, alama za mtandao zinapungua, unabaki na minara ya kuazima ya KDDI, au hubaki na kitu. Masafa ya megahezi 700 waliyapata Oktoba 2023 na kuanza kuyatumia Juni 2024, na bado minara yenye masafa hayo haijatapakaa kama ya wakubwa.

Kwamba programu peke yake haitoshi, Marekani imelionyesha hilo kwa ukali zaidi. Kampuni ya Dish walijenga mtandao wao wa 5G juu ya wingu la Amazon, wakauza laini za Boost Mobile bila kikomo kwa dola 25. Agosti 2025 mmiliki wao, EchoStar, alikubali kuwauzia AT&T sehemu kubwa ya masafa kwa takriban dola bilioni 23, na wateja wa Boost wakaanza kuhamishiwa minara ya AT&T.

Bei kubwa nayo si bima. Julai 2022 matengenezo ya ruta yaliwaharibikia KDDI, na huduma ikayumba kwa zaidi ya saa 60. Wateja wengi walipewa fidia ya yen 200. Baadaye KDDI na SoftBank walianza kuuza laini ya akiba kwa yen 429 kwa mwezi, kila mmoja akitumia mtandao wa mwenzake.

Kwa anayechukua Rakuten, akiba isiwe povo, ingawa haina ada ya mwezi, kwa sababu iko kwenye minara ile ile ya KDDI ambayo Rakuten huazima. LINEMO ya gigabaiti 3 kwa yen 990 iko kwenye mtandao wa SoftBank. Ukijumlisha na Rakuten ni yen 4,268, karibu nusu ya Docomo MAX. Weka laini zote mbili kwenye simu moja, kisha nenda nayo yadi ya magari, bandarini, na kwenye ngazi za stesheni unayoshukia kila siku, kabla hujahamisha namba ambayo wateja wako wameizoea.