Hata Mnyoo Anastahili Jina

Katika sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo, Adamu anakabidhiwa kazi ya kuwapa wanyama majina. Kazi hiyo bado haijakwisha.

Katika bahari ya Antaktiki, kusini kabisa mwa dunia, watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London, waliteremsha chini ya maji mifupa ya nyangumi na vipande vya mbao, wakaviacha kwa miezi 14. Walipovitoa, mbao zilikuwa nzima, lakini mifupa ilikuwa imeota minyoo. Mwaka 2013 walitangaza aina mbili mpya. Minyoo hawa hawana kinywa wala tumbo. Huzamisha mizizi ndani ya mfupa, na bakteria wanaoishi humo huwasaidia kupata chakula. Aina moja ilipewa jina la Kisiwa cha Deception, mahali ambapo mwanzoni mwa karne ya 20 watu walichinja nyangumi kwa ajili ya mafuta. Pale binadamu alipoacha mifupa, Mungu alikuwa na kiumbe anayeishi kwayo.

Lakini kumwona si kumjua. Mtafiti humhifadhi mnyoo kwenye spiriti, humchunguza kwa hadubini, hulinganisha vinasaba vyake na vya jamaa zake, huandika umbo lake lote, ndipo humpa jina. Uvumilivu wote huo ni kwa kiumbe asiyeuzwa sokoni wala kuliwa mezani. Tena ni kazi ya kukimbizana na wakati. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alisikitika kwamba kila mwaka maelfu ya aina za mimea na wanyama hutoweka, nasi hatutazijua kamwe.

Ikiwa mnyoo wa sakafu ya bahari anastahili kujulikana kwa jina, je, mlinzi wa getini kwako? Dada anayekupikia? Mama anayekaa benchi la mwisho kanisani kila Dominika? Nimeongoza mazishi ambako wanajumuiya walinong'onezana kaburini: "Hivi jina lake kamili nani?" Walisali naye miaka mingi.

Kristo Mchungaji Mwema anawajua walio wake, kila mmoja kwa jina lake. Leo, kabla hujatoka kanisani, muulize jirani yako jina. Kisha mkae kidogo, akueleze habari zake.